Ugumu wa Kiwavi: Historia ya Ufugaji wa Vipepeo Kandokando ya Arabuko-Sokoke na Usambara

Historia ya ufugaji wa vipepeo katika pwani ya Kenya na milima ya Usambara Mashariki husimuliwa kwa namna mbili. Wahifadhi huisimulia kama ushindi wa wazo jema: mwaka 1993 mradi uitwao Kipepeo ulianzishwa Gede, wanakijiji wakafundishwa kufuga viwavi nyumbani, pupa zikauzwa Ulaya na Marekani, na watu waliokuwa wakiuona msitu wa Arabuko-Sokoke kuwa adui wakaanza kuutetea. Wachumi huisimulia kama habari ya soko: wanunuzi walijitokeza, bei ikavutia, mkulima akaifuata fedha kama alivyoifuata kwenye korosho na nazi. Masimulizi yote mawili yana ukweli, na yote mawili yanamruka mhusika mkuu. Kati ya msitu na soko yupo kiwavi, naye ni mfugo msumbufu kupita kiasi: huchagua chakula, huugua upesi, huwindwa na kila mdudu, na damu yake huchoka asipochanganywa na wa porini. Hoja ya makala haya ni kwamba usumbufu huo ndio ulioufaa msitu. Laiti kiwavi wa Sokoke angekuwa mfugo mwepesi, anayekula chochote na kuzaliana bandani kizazi hata kizazi, biashara hii ingeweza kuwanufaisha watu vilevile bila kuubakiza hata mti mmoja umesimama.

Tuanze na msitu wenyewe. Arabuko-Sokoke, wenye kilometa za mraba zipatazo 420 kati ya Kilifi na Malindi, ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyosalia ya ule ukanda wa misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1943, kizazi kimoja baada ya Wagiriama kupambana na Waingereza mwaka 1914 kwa sababu ya kodi, kazi za kulazimishwa na kuhamishwa katika ardhi yao. Kwa hiyo mpaka wa msitu haukuwa mstari wa kitaalamu tu. Machoni pa wengi ulikuwa sehemu ya orodha ndefu ya ardhi iliyochukuliwa. Uhuru ulipokuja, mpaka ulibaki palepale na watu wakaongezeka. Mwenye shamba ukingoni aliujua msitu kwa tembo na nyani waliomaliza mahindi yake, na kwa askari aliyemkamata kwa ajili ya gogo au mtego. Wanasayansi nao waliujua kwa hazina nyingine: bundi mdogo wa Sokoke, sengi mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, na aina zipatazo 260 za vipepeo. Hazina hizo hazikuingia katika sufuria ya mtu. Si ajabu kwamba wakazi walipoulizwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wengi wao walisema msitu ukatwe, wote au sehemu yake, watu wapate mashamba.

Soko lililokuja kuubadili uhusiano huo lilizaliwa mbali. Kufuga viwavi nyumbani ni desturi ya zamani Ulaya. Maria Sibylla Merian alianza na nondo wa hariri mjini Frankfurt mwaka 1660, akiwa msichana wa miaka 13, na mwaka 1705 akachapisha kitabu chake kikubwa cha wadudu wa Suriname, ambamo viwavi wengi wamechorwa juu ya mimea. Huko Kent, Uingereza, familia ya Newman ilifanya ufugaji wa vipepeo kuwa biashara tangu mwisho wa karne ya 19. Miongoni mwa wateja wake alikuwemo Winston Churchill, aliyetaka vipepeo wa kupamba bustani yake ya Chartwell. Lakini biashara hiyo iliwahusu wakusanyaji na matajiri wenye bustani. Mambo yaligeuka mwishoni mwa miaka ya 1970, pale nyumba ya vioo katika kisiwa cha Guernsey ilipofunguliwa kwa umma ili watu watembee katikati ya vipepeo wa nchi za joto. Mwaka 1981 London ikapata ya kwake katika viwanja vya Syon, mwaka 1985 ikafunguliwa nyingine Stratford-upon-Avon, na mwaka 1988 Florida ikafuata kwa bustani kubwa ya aina hiyo. Kwa kawaida kipepeo mzima huishi wiki chache tu. Nyumba ya namna hiyo, ili isibaki tupu, inahitaji kupokea wapya kila wiki, mwaka mzima.

Hapo ndipo pupa ilipopata thamani. Kiwavi akisha kushiba hujifunga katika ganda na kutulia kwa siku kumi hadi kumi na nne au zaidi. Katika siku hizo hali, hatembei, hanywi, na anaweza kulazwa juu ya pamba ndani ya sanduku na kuvuka bahari kwa ndege. Wenye nyumba za vioo wangeweza kujaribu kumfuga wenyewe, lakini mimea ya kitropiki ni ghali kuilea kwenye baridi, na nchini Marekani mamlaka za kilimo huzuia wadudu wa kigeni wasizalishwe ovyo katika maonyesho, kwa hofu ya kutoroka na kuwa waharibifu wa mazao. Basi mahitaji hayakuisha. Papua New Guinea ilikuwa imekwisha kuunda wakala wa serikali wa biashara ya wadudu huko Bulolo mwaka 1978, na Kosta Rika ikaingia kwa nguvu katika miaka ya 1980. Afrika Mashariki ilichelewa kidogo. Mwaka 1993 Ian Gordon, mtaalamu wa vipepeo, alianzisha mradi wa Kipepeo kwa ruzuku ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, penye magofu ya Gede. Mpangilio ulikuwa mwepesi kueleweka: kaya zifuge, mradi ununue pupa, uzipange na kuzisafirisha, kisha fedha zirudi vijijini.

Mpangilio ulieleweka upesi. Kazi yenyewe haikuwa nyepesi, na ndani ya uzito wake ndimo jibu letu lilimo. Jambo la kwanza ni chakula. Mbuzi akikosa jani hili atakula lile. Kiwavi hana uhuru huo. Kipepeo jike hulionja jani kwa miguu kabla ya kutaga, na mayai yake huyaweka pale tu anapoutambua mmea wa ukoo wake. Kiwavi anayetoka hapo atakula mmea huo au jamaa zake wa karibu, la sivyo atakufa na njaa akiwa amelala juu ya majani mabichi ya mti mwingine. Papilio dardanus, ambaye dume lake lina mikia na rangi ya maziwa huku jike likiiga sura za vipepeo wenye sumu, hutaka vichaka vya jamii ya milimau vinavyoota msituni. Vipepeo wa jenasi Charaxes nao wana miti yao, na kila aina hudai wa kwake. Kwa hiyo mfugaji alilazimika kujua mambo mawili ambayo kwa kawaida hukaa katika vichwa tofauti: kipepeo gani anataka mmea gani, na mmea huo unaota wapi. Jambo la kwanza lilikuwa katika vitabu vya makumbusho. La pili lilikuwa kwa watu waliozaliwa ukingoni mwa msitu, wanaovijua vichaka kwa majina na kwa matumizi ya dawa. Biashara haikuweza kuanza mpaka elimu hizo mbili zilipokutana.

Jambo la pili ni usalama wa kiwavi. Mbegu ya kwanza hupatikana kwa kukamata majike porini: kwa wavu, au kwa mtego wenye ndizi zilizochacha, ambazo Charaxes hawawezi kuzipita. Jike huwekwa katika kizimba cha chandarua pamoja na mmea wake, naye hutaga. Mayai hukusanywa mapema, kwani wapo nyigu wadogo mno wanaotaga ndani ya yai la kipepeo, na wengine wanaongoja kiwavi akue ili watage mwilini mwake. Kiwavi aliyeingiliwa huendelea kula kama kawaida, hata akageuka pupa, kisha panapongojwa kipepeo wakatoka nyigu au nzi. Jambo hili liliwatatiza hata mabingwa wa zamani. Jan Goedaert wa Middelburg, katika vitabu vyake vya miaka ya 1660, aliandika kwamba kutoka katika viwavi wa aina moja aliona mara kipepeo, mara kundi la nzi, bila kujua kwamba wale nzi walikuwa wavamizi. Mfugaji wa Gede hakuweza kumudu fumbo hilo, maana pupa iliyovamiwa ikifika Ulaya ni hasara na ni aibu kwa mradi mzima. Ndiyo maana viwavi hufungiwa ndani ya mifuko ya chandarua juu ya tawi lililo hai, au hulelewa katika visanduku vyenye matundu madogo kiasi kwamba nyigu hapenyi. Sungusungu nao huzuiwa kwa kuisimamisha miguu ya meza katika makopo ya maji au ya oili chafu.

Baada ya wanaoonekana huja wasioonekana. Viwavi waliosongamana, wanaokula majani yenye maji na kulala juu ya mavi yao, hupatwa na maradhi ya virusi na bakteria yanayowalegeza, yakaugeuza mwili kuwa maji meusi, na mmoja akipasuka huwaambukiza wote. Dawa ya kuwatibu haipo. Iliyopo ni kinga: majani yafutwe na kukaushwa, mavi yatolewe kila siku, wadogo watenganishwe na wakubwa, anayejivua ngozi asiguswe, aliyelegea aondolewe na kuchomwa, vifaa vioshwe kwa maji ya klorini na kuanikwa juani. Majani lazima yatoke mahali pasipopulizwa dawa ya wadudu, kwani sumu iliyokusudiwa funza wa mahindi haibagui kiwavi wa biashara. Sharti hilo la mwisho lilikuwa na uzito wa pekee. Mfugaji alipata sababu ya kuuthamini mmea ulioota mahali ambapo hakuna anayepuliza chochote, na kandokando ya mashamba mahali hapo ni msitu.

Jambo la tatu ni damu. Mtu angedhani kwamba mfugaji akisha kupata jike moja ameupata ukoo mzima, kwa kuwa jike moja hutaga mayai mengi. Lakini vipepeo huathirika upesi ndugu wakipandana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu Bicyclus anynana, kipepeo mdogo wa kahawia wa Afrika yetu, ulionyesha kwamba kizazi kimoja tu cha kaka na dada kilitosha kupunguza sana idadi ya mayai yanayoanguliwa. Ni kweli kwamba wachunguzi hao waliona pia koo kadhaa zikijirudi baada ya vizazi kadhaa, lakini mfugaji anayepeleka pupa Gede kila wiki hana nafasi ya kungoja koo zijirudi. Dawa yake ni kurudi msituni na kukamata jike jipya. Hivyo, hata mwenye ustadi wa hali ya juu, mwenye mimea yote ndani ya ua wake, hubaki akidaiwa na msitu: kila baada ya muda hana budi kwenda kuchukua damu mpya, na damu hiyo haipatikani isipokuwa vipepeo wa porini wangali wapo.

Ili kuuona uzito wa jambo hili, inafaa kumtazama kiwavi mwingine ambaye historia yake ilikwenda upande wa pili. Nondo wa hariri, Bombyx mori, amefugwa China kwa maelfu ya miaka hata akasahau kuruka. Hula majani ya mforosadi, mti wa shambani usiohitaji msitu. Maradhi yake ndiyo yaliyozaa sehemu kubwa ya elimu ya vijidudu: Agostino Bassi, nchini Italia, alionyesha mwaka 1835 kwamba ugonjwa mmoja wa viwavi hao unaletwa na kuvu hai inayoambukiza. Ufaransa ilipokumbwa na ugonjwa wa pebrini, mavuno ya vifukofuko yalishuka kutoka tani zipatazo 26,000 mwaka 1853 hadi tani 4,000 hivi mwaka 1865, na Louis Pasteur akatumwa Alès kutafuta dawa. Alichogundua hakikuwa cha kumtibu kiwavi. Kilikuwa njia ya kuchuja mbegu: kila nondo jike atage peke yake, kisha asagwe na kutazamwa kwa hadubini, na akionekana na chembe za ugonjwa mayai yake yachomwe. Njia hiyo iliuokoa ufugaji wa hariri. Lakini tazama ilikompeleka mfugaji. Afya ya kiwavi ilipatikana kwa kumtenga na kila kitu cha nje, na mbegu ikawa inanunuliwa kwa wenye hadubini. Mfugaji wa hariri akawa na kila sababu ya kulinda chumba chake, na hakuna hata moja ya kulinda pori. Kazi ni ileile, ya kumlisha kiwavi ndani ya nyumba na kumkinga na maradhi, lakini kiwavi mmoja amekubali kufugwa na mwingine amekataa. Matokeo kwa ardhi yakatofautiana kwa sababu hiyo.

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka upande wa pili wa mpaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianzishwa mradi wa vipepeo wa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, ambao ukaendeshwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania. Ulifuata mfano wa Gede katika mambo mengi, na sehemu ya mapato ilitengwa kwa maendeleo ya vijiji. Wanaume na wanawake waliufanya, kwani kazi hufanyika nyumbani na haihitaji shamba kubwa. Mwaka 2010 jarida la Conservation Biology lilichapisha utafiti uliowalinganisha wafugaji hao na majirani wasiofuga. Wafugaji walionekana kushiriki zaidi katika shughuli za kuhifadhi msitu, na watafiti walilihusisha hilo na imani ya wafugaji wenyewe kwamba misitu ya karibu ikikatwa, kazi yao haitawezekana tena. Imani hiyo haikutoka kwenye mabango ya uhifadhi. Ilitoka katika uzoefu wa kila wiki: jani linalotafutwa, jike linalokamatwa, ukoo unaodhoofika. Kiwavi mwenyewe alikuwa mwalimu, na somo lake lilirudiwa mpaka likaeleweka.

Hapa msomaji makini atanikatiza, na ana haki. Utafiti huohuo, atasema, ulikuta pia kwamba katika matumizi ya msitu waliyoyataja wenyewe, na katika mtazamo wao kuhusu sheria za misitu ya kijiji, wafugaji hawakutofautiana na wenzao. Basi faida iko wapi? Jibu langu ni kwamba tusimtwike kiwavi mzigo usio wake. Kaya inayofuga vipepeo bado inapika kwa kuni na bado inajenga kwa fito, na hakuna pupa inayochukua nafasi ya moto wa jikoni. Kilichobadilika ni upande mwingine wa mizani. Palikuwa na watu wengi wenye sababu ya kuutumia msitu na wachache wenye sababu ya kuutetea, na ufugaji uliiongeza idadi ya hao wa pili. Huko Arabuko-Sokoke, ambako madai ya kuukata msitu yalikuwa yakisikika waziwazi, badiliko la namna hiyo si dogo. Msitu huliwa polepole na shoka, lakini humalizwa kwa siku moja na uamuzi wa kuugawa, na uamuzi huo hupimwa kwa sauti za watu wanaouzunguka.

Pingamizi la pili linatoka kwa anayeujua ufugaji wenyewe. Wafugaji hodari, atasema, hupanda mimea ya chakula katika vitalu na kandokando ya nyumba, hivyo safari za msituni hupungua. Je, ustadi ukizidi, uzi wa nyumba na msitu haukatiki? Ukweli ni kwamba unaweza kulegea, na kwa baadhi ya vipepeo haukuwahi kukaza. Papilio demodocus anakula milimau na michungwa ya mashambani, na angeweza kufugwa hata kama Sokoke ingegeuzwa kuwa jangwa. Lakini mfano huo unaithibitisha hoja kuliko kuivunja. Kipepeo aliye rahisi kufugwa popote hafungamani na mahali popote, na mfugaji wa mbali anaweza kumuuza pia. Biashara ya Gede na Amani ilipata nafasi yake kwa wale wa msituni, ambao wafugaji wa nchi nyingine hawakuwa nao. Kwa hao, kitalu hupunguza safari za kutafuta jani, ila hakiondoi safari za kutafuta damu. Tena kupanda miti ya asili uani si hasara kwa mtu yeyote: ni kuusogeza msitu karibu na nyumba, na majani yaliyopandwa ni majani ambayo hayakukwanyuliwa porini.

Pingamizi la tatu lina uchungu wa maadili: kumkamata kipepeo wa porini ili kumwokoa si kumpunguza? Swali hili liliulizwa tangu mwanzo, na Kipepeo ililazimika kuwafuatilia vipepeo wa msituni ili kulijibu. Ufuatiliaji wa miaka ya mwanzo haukuona madhara. Sababu yake inaeleweka kwa hesabu ya uzazi. Jike hutaga mamia ya mayai, lakini ili idadi ya vipepeo isipungue wala kuongezeka yatosha wawili tu wafike utu uzima. Wengine wote ni chakula cha ndege, buibui, nyigu na maradhi. Mfugaji anayemchukua jike mmoja na kuwalea watoto wake salama anavuna katika fungu lile ambalo pori lingelimwaga. Kinachowamaliza vipepeo wa msituni ni kuondolewa kwa mimea yao.

Pingamizi la mwisho ndilo zito kuliko yote, na sitajifanya naweza kulimaliza. Biashara hii yote inasimama juu ya mnunuzi wa mbali na kibali cha serikali. Mwezi Machi 2016 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, katika hali ya hasira ya umma iliyochochewa na kashfa za wanyama waliotoroshwa, ikiwemo ile ya twiga waliopakiwa ndegeni katika uwanja wa Kilimanjaro mwaka 2010. Marufuku hiyo ilimkumba twiga na kipepeo kwa wavu mmoja. Mwenye ngozi au pembe anaweza kungoja sheria ibadilike. Pupa haingoji, baada ya wiki mbili ni kipepeo, na baada ya wiki mbili nyingine si kitu. Wafugaji wa Usambara walipoteza soko lao la nje kwa tamko moja. Mwezi Juni 2022 ilitangazwa ruhusa ya miezi sita, nayo ikasitishwa ndani ya siku chache. Na mwaka 2020, korona ilipofunga nyumba za maonyesho na kusimamisha ndege, hata nchi zisizokuwa na marufuku zilionja hali hiyo. Ni wazi basi kwamba mnyororo unaomfunga mfugaji na msitu, hata ukiwa imara namna gani, haufai kitu ukikatika upande wa soko. Mkulima hataendelea kulea viwavi kwa ajili ya kuthibitisha nadharia.

Hata hivyo, pingamizi hilo linatuambia kuhusu soko kuliko kuhusu kiwavi, na lina dawa zake. Huko Gede, na huko Pete karibu na msitu wa Jozani Unguja, ziko nyumba za vipepeo ambamo mgeni hulipa kiingilio akaona kipepeo palepale alipolelewa. Pupa haivuki mpaka wowote, na mfugaji hupata mnunuzi wa jirani. Soko la namna hiyo ni dogo na hutegemea watalii, nao wana misimu yao, lakini halifungwi na hati ya usafirishaji. Serikali nayo ingeweza kumtenga katika sheria mdudu aliyefugwa na kaya na mnyama aliyekamatwa porini, kwani kuwaweka pamoja kunamwadhibu yule ambaye kazi yake inaongeza walinzi wa msitu. Hatari ambayo haizungumzwi sana iko upande mwingine: ni ile tamaa ya kitaalamu ya kuirahisisha kazi. Kila mara husikika mapendekezo ya namna hii katika ufugaji wa wadudu: maabara moja kuu izalishe mayai na kuyagawa, chakula cha kutengenezwa kichukue nafasi ya majani, koo teule zizalishwe mahali pamoja. Kila pendekezo lingepunguza vifo na kuongeza pupa. Kila pendekezo pia lingemtoa mfugaji msituni, kama mbegu iliyochujwa kwa hadubini ilivyomfungia mfugaji wa hariri chumbani.

Kwa hiyo ukitazama nyuma tangu mwaka 1993, somo la Arabuko-Sokoke na Usambara halisemi kwamba biashara yoyote ya vitu vya asili huhifadhi asili. Mpira, pembe na magogo vimekwisha kutufundisha kinyume. Linasema kitu chembamba zaidi: biashara huulinda msitu pale tu ambapo bidhaa haiwezi kutengenezwa bila msitu, na ambapo anayeitengeneza anakutana na ukweli huo kwa mikono yake, mara kwa mara, katika jani linalokosekana na ukoo unaodhoofika. Anayebuni mradi mwingine wa namna hii kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni kiumbe gani rahisi kufugwa. Historia ya kiwavi inashauri swali hilo ligeuzwe: aulize ni kiumbe gani asiyefugika bila msitu kuwa hai, kisha aukubali usumbufu wake wote kama gharama halali ya ulinzi.